Misalaba ya Shaba ya Kisale

Tukisikia neno madini, mawazo yetu hukimbilia Kolwezi na Likasi. Kumbe habari ya kale ya shaba yetu imehifadhiwa pia katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, humu humu Haut-Lomami.

Wataalamu walianza kuyachimbua makaburi hayo mwaka 1957. Walikuta vyungu, mapambo na, katika makaburi ya tangu karne ya 13 hivi, vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba. Shaba hiyo haikuchimbwa Kisale. Ilitoka kusini, kwenye jiwe la kijani liitwalo malakiti. Wahunzi waliliyeyusha kwa makaa katika tanuru; rangi ya kijani ikatoweka, ikabaki shaba nyekundu, nao wakaimimina katika kalibu.

Misalaba ya kwanza ilikuwa mikubwa, ikalazwa kifuani pa marehemu. Karne zilivyopita ikawa midogo, yenye vipimo vinavyolingana, ikawekwa karibu na mikono: ilikuwa imekwisha kuwa fedha.

Tusijidanganye kwamba ule ulikuwa Msalaba wa Kristo. Wamisionari walikuwa hawajafika. Ni kazi na akili ya mababu zetu, nasi tuiheshimu jinsi ilivyo. Hata hivyo yatufundisha jambo: madini yale yale yaliyompamba mtu yalikuja kuhesabu mali yake.

Hesabu hiyo haijakoma. Reli ya kwenda Ilebo, iliyofunguliwa mwaka 1928 na kupita hapa Kamina, ilikusudiwa kubeba shaba ya Katanga. Leo shaba hupitisha umeme, kobalti hutiwa katika betri za simu, na kasiteriti ya Malemba-Nkulu hutoa bati. Baba Mtakatifu Fransisko, alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliwakemea wanaoipora Afrika utajiri wake.

Lakini tusiwaangalie wageni peke yao. Wako wenzetu walioacha shule wakaenda mashimoni. Kabla ya kuwahukumu, tuwaulize ni shida gani iliyowapeleka, na jumuiya yetu ilikuwa wapi siku ile walipokosa karo. Mababu waliweka shaba kifuani pa wafu wao kwa heshima. Je, sisi tunawaheshimu walio hai wanaoichimba?