Noah Mbili

Muuza magari wa Tanzania akikuuliza unataka Noah gani, hajali rangi. Anataka kujua kama unatafuta ya zamani au mpya. Ya zamani ni ile iliyouzwa Japani kuanzia Oktoba 1996 hadi 2001, ambayo mafundi wengi huitaja kwa namba ya chasisi yake, SR40. Mpya ni ile iliyotoka Novemba 2001. Hiyo "mpya" sasa imevuka umri wa kupiga kura, na Toyota imekwisha kuibadilisha mara tatu, mwaka 2007, 2014 na 2022. Hata hivyo bado inaitwa mpya, kwa sababu mwaka 2001 ndipo gari lilipogeuka kiasi cha kuwafanya wenye magari wagawanyike pande mbili, na mgawanyiko huo haujaisha.

Nimevutiwa na ugomvi huo kwa sababu unasomeka kama historia. Ukimsikiliza mwenye Noah anavyosifu au anavyolaani, chini ya maneno yake utakuta barabara fulani, mafuta ya kipindi fulani na kodi fulani. Ni kumbukumbu ambazo hakuna aliyeziandika.

Kwanza, Japani. Toyota ilianza kuuza LiteAce mwaka 1970 na TownAce mwaka 1976. Yalikuwa magari ya mizigo midogo yaliyotiwa viti: dereva alikaa juu ya magurudumu ya mbele, injini ikiwa chini yake, na mbele ya magoti yake hapakuwa na kitu isipokuwa bati. Gari likigonga, miguu ya dereva ndiyo iliyokuwa bampa. Mwaka 1996 TownAce Noah na LiteAce Noah zilikuja na pua fupi na magurudumu ya mbele yakasogezwa mbele ya dereva. Injini ilibaki chini ya viti vya mbele, na nguvu iliendelea kwenda magurudumu ya nyuma. Lilikuwa gari la familia lenye mifupa ya gari la kazi. Pembeni mwake lilibandikwa maneno kama "Road Tourer" na "Super Extra Limo", ambayo mpaka leo yanasomeka kwenye Noah zinazopanda milima ya kwetu na magunia ya karoti juu.

Mwaka huohuo wa 1996 Honda ilitoa StepWGN. Ilijengwa juu ya msingi wa gari dogo la kawaida, injini mbele, nguvu mbele, na kwa hiyo sakafu yake ilikuwa chini na tambarare. Mama wa Kijapani mwenye mtoto mkononi aliingia bila kupanda ngazi. Nissan nayo iliigeuza Serena hivyohivyo mwaka 1999 na kuitia milango ya kuburuza pande zote mbili. Toyota ikabaki na gari refu kuingia, linalotoa joto chini ya kiti na lenye mlango mmoja tu wa abiria, upande wa kushoto. Mabadiliko ya 2001 yalikuwa jibu kwa majirani hao. Noah mpya, pamoja na pacha wake Voxy, iliachana na mifupa ya gari la kazi: injini ikaenda mbele, sakafu ikashuka, milango ikawa miwili. Kilichobaki vilevile ni ukubwa. Japani huyaweka magari katika madaraja kwa vipimo, na yanayotaka kubaki daraja dogo hayapaswi kuzidi mita 4.7 kwa urefu, mita 1.7 kwa upana na mita 2 kwa kimo, wala injini ya petroli kuzidi lita 2. Noah ya zamani na mpya zote zilijibana humo.

Kikomo hicho cha Tokyo kimemsaidia mnunuzi wa Tabata bila mtu kukusudia. Ushuru wa bidhaa wa Tanzania huyatoza magari ya kati ya cc 1,000 na 2,000 asilimia 5, na yanayozidi hapo asilimia 10. Injini ya petroli ya Noah ina cc 1,998. Ya dizeli, yenye cc 2,184, inaangukia upande wa pili.

Kwa mmiliki wa kwanza, basi, mabadiliko yalikuwa neema. Lakini mmiliki wa kwanza hakai sana na gari. Ukaguzi wa lazima wa Japani huja baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo bili ya kulipitisha inavyonona. Wengi huuza. Kenya imeweka sheria kwamba gari lililotumika lisizidi miaka minane, kwa hiyo Mombasa iliacha kupokea Noah za zamani mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Tanzania haikufunga mlango. Ilitoza ushuru wa uchakavu tu. Ndiyo maana Noah ya zamani iliendelea kushuka Dar es Salaam kwa miaka mingi baadaye, na ndiyo maana ugomvi ninaousimulia ni wa Kitanzania kuliko wa Kikenya.

Huku mwenye gari si mtu mmoja. Kuna tajiri, aliyenunua gari na ambaye jina lake liko kwenye kadi. Kuna dereva, anayelipeleka barabarani na kumpelekea tajiri hesabu kila jioni. Mafuta hununuliwa na dereva kutoka kwenye mapato ya siku. Matengenezo makubwa ni ya tajiri. Ukiambiwa "wenye Noah wanasema", uliza kwanza ni yupi kati ya hao, maana gari moja huwapa maoni mawili.

Dereva wa Mbulu au wa vijiji vya juu vya Rombo huisifu ya zamani kwa sababu ya mlima. Gari lililojaa linapopanda, uzito hurudi nyuma. Kama magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, uzito huo huyakandamiza yakashika udongo. Kama ya mbele ndiyo yanayovuta, yanapungukiwa uzito wakati ule unapouhitaji, na mvua ya masika ikiwa imelainisha njia, yanazunguka bure. Waliochora Noah mpya hawakukosea hesabu. Walichora gari la watu wanane kwenye lami, si la watu kumi na wawili na mkungu wa ndizi kwenye utelezi. Sakafu ya chini iliyompendeza mama wa Kijapani inagonga mawe. Mpira unaofunika jointi za ekseli za mbele ukichanika, tope linaingia na jointi inaanza kulia kila kona.

Mafundi wakaichora upya. Springi huinuliwa kwa vipande vya mpira au chuma, mapazia hutolewa, viti vya kati hubadilishwa ili pakae watu wanne pale walipokusudiwa watatu, na kerea huwekwa juu. Ni usanifu ambao haukupita mezani kwa mhandisi yeyote. Gari lililoinuliwa hivyo hupata nafasi ya kupita kwenye mawe na hupoteza utulivu kwenye kona, na hilo la pili husikii likitajwa sana gereji.

Ya zamani nayo ina dhambi zake. Abiria wa kiti cha mbele anakaa juu ya injini na anajua. Ili fundi aifikie, lazima ainue kiti. Mabomba ya maji ni marefu kwa kuwa rejeta iko mbele na injini iko nyuma yake, na bomba likivuja bila kuonekana, injini inachemka kabla dereva hajashtuka. Wanaoisifu hawakatai haya. Husema yanarekebishika. Injini yake, 3S-FE, iliwekwa pia kwenye Camry, Ipsum na RAV4 za kwanza, kwa hiyo vipuri vimejaa na karibu kila fundi aliwahi kuifungua.

Kuhusu milango, maoni yanategemea nchi. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto kama Japani, hivyo mlango mmoja wa Noah ya zamani hufungukia kando ya barabara, pale konda anapotaka. Mlango wa pili wa mpya hauna kazi kubwa kwenye biashara. Ni bora ubaki umefungwa mtoto asishukie katikati ya magari. Vuka mpaka uingie Bujumbura, ambako watu huendesha kulia lakini magari mengi ya Kijapani yana usukani kulia. Huko mlango pekee wa Noah ya zamani unamshusha abiria barabarani, mbele ya lori linalopita. Kwa abiria wa Bujumbura au Lubumbashi, mlango wa pili wa mwaka 2001 si anasa ya familia.

Lakini neno lililoiharibia jina Noah mpya ni D4. Hilo ndilo jina la mfumo wa mafuta wa injini yake ya 1AZ-FSE. Katika 3S-FE petroli hupulizwa nje ya silinda, njiani pamoja na hewa, kwa msukumo mdogo. Katika D4 hupulizwa ndani ya silinda yenyewe, na kwa hiyo inahitaji pampu ya msukumo mkubwa mara nyingi zaidi na nozeli zenye matundu membamba sana. Kwa petroli safi, mfumo huo hubana matumizi. Kwa petroli yenye maji, uchafu au mafuta ya taa, pampu inalika, nozeli zinaziba, masizi yanajaa, na asubuhi gari linatetemeka kama lenye homa.

Sasa angalia tarehe. Noah mpya zilianza kuonekana kwa wingi kwetu miaka ileile ambayo uchakachuaji wa mafuta ulikuwa biashara kubwa Tanzania. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa kuwa ndiyo yaliyowasha koroboi za maskini, na tofauti hiyo ya bei ilimvuta kila mwenye tanki na tamaa. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuyabaini yaliyochanganywa. Bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kuyasogeza karibu na dizeli, na faida ya kuchanganya ikaporomoka. Aliyelipia usafi wa matanki yetu, nadhani inafaa kukumbukwa, alikuwa pia bibi anayenunua mafuta ya taa kwa kipimo cha chupa.

Rudi kwa tajiri na dereva. Dereva anayejaza mafuta kwa fedha yake ana kila sababu ya kwenda pale penye bei nafuu. Kwenye 3S-FE, mafuta mabaya yaliishia kwenye plagi, na plagi ni rahisi. Kwenye D4 yaliishia kwenye pampu, na pampu ni ya tajiri. Injini ile ilivunja mapatano ya kimyakimya kati ya watu wawili: kile ambacho mmoja alikiokoa kwa shilingi mia kadhaa kila siku, mwingine alikilipa kwa laki kadhaa mara moja. Ugomvi mwingi unaoitwa wa gari ulikuwa ugomvi wa mkataba.

Gia zikaongeza chumvi. Kuanzia 2004 Noah iliwekewa gia zinazotumia mkanda wa chuma, ambazo zinataka oili yake maalumu. Waliomimina oili ya gia otomatiki za kawaida waliziua, kisha wakalilaumu gari.

Mafuta ya leo si yale ya 2009. Hukumu, hata hivyo, haijarekebishwa. Kijana aliyezaliwa baada ya Noah mpya bado anaambiwa asiiguse D4, na anayemwambia hataji mafuta ya taa. Ningesema anadanganywa, ila kuna jambo linalonizuia: Toyota ilipoibadilisha tena Noah mwaka 2007, D4 haikuwamo. Injini mpya za 3ZR zilirudi kupuliza petroli nje ya silinda. Ilifanya hivyo kwa sababu zake, na hakuna fundi wa Arusha aliyeulizwa.

Abiria ndiye asiyeulizwa kabisa. Mikoani Noah imebeba wagonjwa, wanafunzi na maiti kwenye njia ambazo basi haliendi. Wengine huita magari hayo michomoko, na mamlaka, iwe SUMATRA ya zamani au LATRA iliyoirithi mwaka 2019, zimepata tabu kuamua kama ni daladala au ni gari la nyumbani lililotoroka. Lilitengenezwa na mikanda ya watu wanane. Mtu wa tisa hana mkanda kwenye Noah yoyote, ya zamani wala mpya, na katika maoni yote ya wenye magari niliyoyasikia, mikanda haimo.

Siku hizi zinashuka Noah za 2014, baadhi zikiwa na injini ya lita 1.8 inayosaidiwa na betri. Tajiri anauliza betri ikifa ni shilingi ngapi. Dereva anauliza inakula lita ngapi kwenda na kurudi. Gerejini wameshaanza kuziinua springi.