Damu Moja, Mashine Mbili: Namna Maabara Zinavyolinganisha Majibu ya Vipimo

Mjamzito wa Chala, Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, anaweza kupimwa wingi wa damu katika kituo kilicho karibu naye, kisha akarudia kipimo hicho Namanyere au katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga. Majibu yakitofautiana sana, uamuzi wa kumwongezea damu, kumpa vidonge vya madini ya chuma au kumruhusu arudi nyumbani unaweza kubadilika. Kwa sababu hiyo, ulinganifu wa mashine ni sehemu ya tiba yenyewe.

Tofauti ndogo si kosa. Tone la damu ya kidole lililopimwa kwa kifaa cha mkononi na damu ya mshipa iliyopimwa kwa mashine kubwa mara chache hutoa tarakimu zilezile. Mashine nyingi kubwa huhesabu chembe kwa kanuni ambayo Wallace Coulter alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1953: kila chembe inayopita katika tundu dogo hubadili kidogo mkondo wa umeme, na badiliko hilo huhesabiwa. Tundu likianza kuziba, vitendanishi vikiharibika kwa joto, au umeme ukiyumba, hesabu nayo huyumba bila mgonjwa kufahamu.

Kinga ya kwanza ni sampuli ya udhibiti, yaani damu maalumu ambayo viwango vyake vinajulikana. Hupimwa kila siku kabla ya wagonjwa, na jibu lake huchorwa kwenye chati. Likivuka mipaka iliyowekwa, majibu ya wagonjwa hayatolewi hadi chanzo kipatikane.

Kazi ya kulinganisha mashine mbili huhitaji zaidi ya hapo. Mtaalamu huchagua sampuli zenye damu pungufu, ya kawaida na nyingi, kisha kuzipima katika mashine zote ndani ya muda mfupi. Muda ni jambo linalosahaulika mno: katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, chembe nyekundu huvimba kadiri saa zinavyopita. Sampuli iliyopimwa Chala asubuhi na kufika Sumbawanga jioni inaweza kuilaumu mashine isiyo na hatia.

Kiwango cha tofauti kinachokubalika huwekwa kabla ya kupima, si baada ya kuona majibu. Nchini Marekani, tangu mwaka 2025, kiwango cha himoglobini katika upimaji wa umahiri wa maabara ni asilimia 4, badala ya asilimia 7 ya awali. Kwa kipimo hicho, gramu 10.0 na 10.3 kwa desilita zinavumilika, 10.0 na 11.2 hazivumiliki, na mashine iliyopotoka hufanyiwa ugezi upya.

Ndani ya nchi, vifaa vya uchunguzi husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na maabara binafsi husimamiwa na bodi yake iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kimataifa, kigezo cha ubora wa maabara za tiba ni ISO 15189.

Wilaya ya Nkasi ina jambo jingine la pekee. Ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kama vile Kirando, uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali sehemu kubwa ya Uwanda wa Ufipa imevuka mita 1,500. Mwili wa anayeishi juu hutengeneza himoglobini zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 huongeza gramu 0.4 kwa desilita kwenye kikomo cha upungufu wa damu kwa mita 500 hadi 999, na gramu 1.1 kwa mita 1,500 hadi 1,999. Hivyo jibu moja, kutoka mashine iliyo sahihi kabisa, linaweza kuwa la kawaida Kirando na pungufu uwandani.

Mwananchi anayehamishiwa kituo kingine anashauriwa kubeba karatasi ya majibu ya awali yenye tarehe, saa na kizio cha kipimo: 11.2 kwa desilita na 112 kwa lita ni damu ileile.