Ndigana kali na kiunzi cha seli

Ndigana kali ni ugonjwa wa ng'ombe unaosababishwa na Theileria parva, kimelea cha seli moja kinachoenezwa na kupe wa masikio. Kwa mfugaji ni muuaji wa ndama. Kwa mtafiti wa maumbo ya seli ni jambo la kustaajabisha: kikiwa ndani ya seli ya ng'ombe, kimelea hiki hushika nyuzi zile zile ambazo seli huzitumia kujigawa, na seli ikigawanyika nacho hugawanyika pamoja nayo.

Kata ya Soitsambu, katika tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, iko ukingoni mwa Serengeti, na nyati hawako mbali na malisho ya ng'ombe. Nyati hubeba kimelea bila kuugua. Mfugaji wa Kimaasai, ambaye huuita ugonjwa huu oltikana, huanza uchunguzi kwa vidole: hupapasa chini ya sikio la ndama aliyebaki nyuma ya wenzake. Kupe hawa hupenda kujificha ndani ya sikio, kwa hiyo tezi iliyo karibu nalo ndiyo ya kwanza kuvimba. Baadaye joto la mwili hupanda kupita nyuzi 40, mapafu hujaa maji, povu hutoka puani. Asiyetibiwa mara nyingi hufa ndani ya wiki tatu hadi nne tangu kuumwa na kupe.

Afisa mifugo akichoma tezi hiyo kwa sindano nyembamba, akapaka majimaji yake juu ya kioo na kuyatia rangi ya Giemsa, huona kwenye hadubini seli nyeupe za damu zenye madoa ya buluu yaliyojaa vitone vyekundu. Madoa hayo huitwa miili ya Koch, kwa heshima ya Robert Koch, aliyewachunguza ng'ombe wa Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19. Kila doa ni skizonti, yaani kimelea kimoja chenye viini vingi, na ndipo penye kiini cha habari yote.

Seli haina mifupa, ila ina kiunzi. Sehemu yake moja ni nyuzi za aktini, zenye unene wa takriban nanomita 7. Nyingine ni mikrotubuli, vijibomba vyenye upana wa nanomita 25. Kijibomba hujengwa kwa jozi za protini iitwayo tubulini, kwa kawaida katika mistari 13 inayozunguka uwazi. Umbo la jozi hiyo lilichorwa kwa undani mwaka 1998 na Eva Nogales, Sharon Wolf na Kenneth Downing nchini Marekani. Juu ya vijibomba hutembea mota za molekuli, dainini na kinesini, zikibeba mizigo ya seli. Kinesini, iliyotambuliwa mwaka 1985, hupiga hatua za nanomita 8, sawa na urefu wa jozi moja ya tubulini, na kila hatua hugharimu molekuli moja ya ATP, nishati ya seli. Seli inapojigawa, mikrotubuli hupangwa upya kuwa spindeli, mtambo unaozivuta kromosomu pande mbili.

Vimelea vya malaria huingia mwilini vikiwa na mota zao za aktini na miosini, na kwa hizo huteleza hadi vinakokwenda. Theileria haina mwendo wa namna hiyo. Hugusana na limfosaiti, aina ya seli nyeupe ya damu, ikamezwa, kisha ndani ya dakika chache huyeyusha utando ulioizunguka na kubaki huru katika saitoplazimu. Mara mikrotubuli za ng'ombe hujipanga kuizunguka. Picha bora za tukio hili zilipigwa Nairobi kwa hadubini ya elektroni na Don Fawcett, mwanaanatomia mashuhuri wa Harvard, aliyehamia katika ILRAD, maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, mwaka 1980 alipostaafu.

Hata hivyo, jambo kubwa lilikuwa limeonekana mapema zaidi, huko Muguga nje kidogo ya Nairobi. Mwaka 1964 Hulliger, Wilde, Brown na Turner waliandika katika jarida la Nature kwamba skizonti hujigawa sambamba na seli inayoikaa, ikihusiana na spindeli yake. Ugunduzi huo unastahili kufundishwa katika kila darasa la biolojia la Afrika Mashariki, maana ulifanyika hapa kwa ajili ya ng'ombe wa hapa. Mwaka 2010 watafiti wa Bern, Uswisi, walieleza namna inavyotokea katika Theileria annulata, ndugu wa kimelea hiki: skizonti huvuta kwenye ngozi yake kimeng'enya cha seli kiitwacho Plk1 na kujilaza katikati ya spindeli, pale hasa seli itakapokatika. Protini za EB1 na CLASP1, zinazoongoza mikrotubuli, nazo hunaswa juu yake. Seli hizo huongezeka bila kikomo mithili ya saratani. Kimelea kikiuawa, tabia hiyo hukoma.

Dawa ya buparvakwoni haigusi mikrotubuli hizo. Hushambulia mitokondria za kimelea, na hufaa zaidi ikitolewa mapema. Chanjo ya Muguga ni vimelea hai vinavyodungwa pamoja na oksitetrasaiklini ya kudumu, na lazima isafirishwe katika naitrojeni ya kimiminika hadi karibu na boma. Ina aina tatu za kimelea, moja ikiwa na asili ya nyati wa Serengeti. Kinga yake bado huweza kupenywa pale ng'ombe wanapolishwa karibu na nyati, na hilo ni tatizo zito kwa mahali kama Soitsambu. Ndama aliyechanjwa huvishwa hereni sikioni, na sokoni mnunuzi huitazama kabla ya kutaja bei.