Reli ya Nachingwea

Mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza katika Tanganyika mwaka 1947 hukumbukwa zaidi kwa Kongwa. Nachingwea husahauliwa, ingawa ni huko kusini ndiko ilikojengwa reli nzima kwa ajili ya zao ambalo halijaota. Mataruma hayakungoja mavuno! Mwaka 1951 mradi uliachwa. Bandari ya Mtwara, iliyokusudiwa kupokea karanga hizo, ikafunguliwa mwaka 1954. Gari la moshi likaendelea na shehena haba hata 1962, njia ilipofungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Stesheni ikabaki bila reli.

Sasa serikali ya Tanzania yakusudia kuirudishia kusini reli, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya Mchuchuma na Liganga. Reli ya kwanza haikuuawa na umbali wala mvua. Iliuawa na kutegemea shehena moja. Makaa ya mawe ya Ruvuma, kinyume cha karanga zile, yapo: malori huyabeba mpaka bandarini. Chuma cha Liganga kingali ardhini. Nazo korosho, ambazo hazikuwamo katika hesabu za 1947, zitatengewa mabehewa mangapi?