Gemu za maisha: Kucheza peke yako au na wenzako?

Ziko gemu za simu na kompyuta ambazo hazina vita wala mashindano. Mchezaji hujenga nyumba, hulima, hupika, hutafuta kazi na kulea watoto, yote ndani ya kioo. Nyingi kati ya hizi gemu za maisha zilitengenezwa zichezwe na mtu mmoja. Zikipata umaarufu, swali huzuka: je, ziunganishwe na intaneti ili watu wacheze pamoja? Kwa msikilizaji anayenunua bando kidogo kidogo, jibu la swali hilo linagusa mfuko wake.

Mwenye nyumba ni nani?

Gemu maarufu zaidi ya aina hii, The Sims, ilitoka Februari 2000. Mbunifu wake, Mmarekani Will Wright, alipata wazo hilo baada ya nyumba yake kuteketea katika moto mkubwa wa Oakland, California, mwaka 1991, akalazimika kuanza upya kununua vitu vya nyumbani. Katika gemu hiyo mchezaji ndiye mwenye saa. Anaweza kuisimamisha akafikiri, au kuiharakisha wahusika wake wakilala. Hana wa kumsubiri wala wa kumharibia.

Desemba 2002 kampuni ya Electronic Arts ilitoa The Sims Online, ambamo kila mhusika aliongozwa na mtu halisi. Ada ilikuwa karibu dola 10 kwa mwezi. Saa sasa ikawa moja kwa wote. Huwezi kuisimamisha wakati jirani yako anaendelea na shughuli zake. Tena nyumba zilihifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za kampuni. Wateja hawakufikia matarajio, na Agosti 1, 2008 gemu ikafungwa. Nyumba ambazo watu walijenga kwa miaka zikatoweka siku hiyo. Aliyekuwa na The Sims ya kwanza kwenye diski yake aliendelea kucheza kama kawaida.

Kosa lililo karibu na hilo lilionekana Machi 2013, gemu ya kujenga miji, SimCity, ilipotolewa kwa sharti la kuwa na intaneti muda wote, hata kwa anayecheza peke yake. Seva zilizidiwa, na walionunua wakashindwa kuingia. Mwaka mmoja baadaye kampuni ililegeza, ikaruhusu kucheza bila mtandao.

Njia ya Stardew Valley

Kucheza pamoja kuna raha yake, na kunaweza kufanywa bila kumnyang'anya mtu chochote. Stardew Valley, gemu ya shamba iliyotengenezwa na Eric Barone peke yake, ilitoka Februari 2016 kwa mchezaji mmoja. Agosti 2018 toleo la kompyuta likaongezewa nafasi ya watu hadi wanne kulima shamba moja.

Hapa pia kuna gharama. Ukicheza peke yako, saa husimama unapofungua mkoba wako. Mkiwa wengi, haisimami. Siku haimalizwi mapema mpaka wote waende kulala. Shamba ni la mwenyeji, na asipofungua, wageni hawaingii. Lakini shamba la mchezaji mmoja lilibaki lilivyokuwa. Asiyetaka wageni hakulazimika kuwapokea.

Uangalie nini kabla ya kupakua?

Kwanza, zima data kisha ufungue gemu. Ikigoma, ujue kila utakapocheza utatumia bando, na mtandao ukikatika mchezo nao umekatika.

Pili, chunguza kazi yako inahifadhiwa wapi. Ikiwa iko kwa kampuni peke yake, siku kampuni ikifunga, hutabaki na kitu.

Tatu, kama simu hutumiwa na watoto, angalia nani anaweza kuzungumza nao humo. Kucheza na binamu aliye mjini si sawa na kucheza na mtu usiyemjua.

Kwa maoni yetu, watengenezaji wafungue mlango kwa wanaotaka wenzao, bila kuufanya kuwa njia pekee ya kuingia. Anayejenga nyumba yake taratibu usiku, bando likiwa limeisha, naye ni mchezaji kamili.