Bodaboda wa Kariakoo na simu ya kisasa: Ujuzi unaosomwa barabarani

SAA moja asubuhi, kwenye makutano ya mitaa ya Msimbazi na Uhuru, Kariakoo jijini Dar es Salaam, pikipiki zimekwisha kujipanga kando ya barabara. Miaka michache iliyopita, kila dereva kijiweni hapo angekuwa ameyakaza macho kwa wapita njia, akiita na kupunga mkono ili apate abiria wa kwanza. Leo baadhi yao wameinamisha vichwa. Wanatazama kioo cha simu kilichobanwa kwenye usukani wakisubiri mlio wa programu uwajulishe kuwa kuna mtu Upanga, Ilala au Gerezani anayehitaji usafiri.

Simu hiyo imekuwa kitendea kazi cha pili cha bodaboda baada ya pikipiki yenyewe. Humpatia abiria, humwonyesha njia na humpokelea malipo. Hata hivyo, ilhali ipo shule ya kumfundisha dereva kuendesha pikipiki, matumizi ya simu akiwa kazini hujifunza mwenyewe kwa wenzake wa kijiweni, na mara nyingi hujifunza huku magurudumu yakizunguka. Hapo ndipo penye faida na ndipo penye hatari.

Kutoka mpakani hadi mtandaoni

Usafiri wa bodaboda ulianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako watu wa baiskeli walivusha abiria na mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Nchini Tanzania, pikipiki za abiria zilienea kwa kasi katika muongo wa kwanza wa karne hii, baada ya pikipiki za bei nafuu kutoka China na India kufurika sokoni. Serikali ilizitambua rasmi kuwa chombo cha biashara kwa kanuni za leseni za usafirishaji za mwaka 2010, zilizohusu pikipiki na bajaji. Usimamizi wake ulikuwa chini ya Sumatra, na tangu mwaka 2019 uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (Latra).

Simu iliingia katika kazi hii kwa hatua. Hatua ya kwanza ilikuwa simu ndogo ya vitufe. Abiria aliyeridhika na huduma alichukua namba ya dereva, na kesho yake akampigia. Hatua ya pili ilikuwa fedha za simu, baada ya Vodacom kuanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008 na kampuni nyingine kufuata. Hatua ya tatu ilikuja Juni 2016, pale Uber ilipoanza huduma ya teksi Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikaja Taxify, ambayo tangu 2019 inaitwa Bolt. Huduma hizo zilianza na magari, kisha zikaongeza bajaji na pikipiki. Kuanzia hapo, dereva wa bodaboda asiyekuwa na simu ya kisasa alijikuta akikosa sehemu ya wateja waliokuwa wake.

Darasa lisilo na ubao

Mafunzo ya simu kijiweni hayana ratiba. Dereva mgeni hununua simu, mara nyingi iliyokwisha kutumika, kisha humwomba mwenzake amfungulie akaunti. Mwenzake humpiga picha ya leseni na ya kadi ya pikipiki, huandika barua pepe, huweka neno la siri, na kazi imekwisha. Mwanafunzi ameanza kupokea abiria kabla hajajua kilichofanyika ndani ya simu yake.

Tatizo hujitokeza baadaye. Simu ikiibwa au ikiharibika, dereva hulazimika kuingia upya kwenye akaunti. Akiulizwa neno la siri, halijui. Akiulizwa barua pepe, iliandikwa na mtu aliyekwisha kuhama kijiwe. Ujumbe wa uthibitisho nao hutumwa kwenye laini ya simu, na kama laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, kuirudisha ni safari ndefu. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao muda wake wa mwisho ulikuwa Januari 20, 2020, umelifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Dereva anayepoteza akaunti hupoteza pia nyota alizopewa na abiria kwa muda mrefu, na huanza upya kama mgeni.

Kwa sababu hiyo, somo la kwanza ni kwamba akaunti iwe ya dereva mwenyewe, kwa jina lake, kwa laini yake na kwa neno la siri analolijua yeye. Kwa kupiga *106#, mtu anaweza kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Sambamba na hilo, anayenunua simu ya mkononi mwa mtu hana budi kuwa mwangalifu. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizima simu bandia nchini kote, na wengi walibaki na vifaa visivyopiga wala kupokea. Kupiga *#06# huonyesha namba ya utambulisho wa simu, ambayo mnunuzi anapaswa kuilinganisha na iliyoandikwa kwenye boksi kabla ya kutoa fedha.

Ramani na kichwa cha dereva

Dereva mzoefu wa Dar es Salaam huijua njia kwa alama: penye mwembe, nyuma ya msikiti, mbele ya kituo cha mafuta, pale Faya. Ramani ya simu haizungumzi lugha hiyo. Humtaka dereva asome majina ya mitaa na kutambua kuwa, kwa mpangilio wa kawaida, upande wa juu wa kioo ni kaskazini, hata kama yeye anaelekea kusini. Wengi hukosea kona katika wiki za mwanzo kwa sababu hiyo tu. Anayejua kuigeuza ramani ifuate uelekeo wa pikipiki hupunguza makosa hayo.

Ramani zenyewe zimeboreshwa. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora kata za jiji, hususan zinazokumbwa na mafuriko, na kuziweka kwenye ramani huria ya dunia. Mwaka 2022 Serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, iliyozipa nyumba namba na mitaa vibao vya majina kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huo. Kichochoro kilichokuwa hakina jina sasa kinaweza kutafutwa kwenye simu.

Kariakoo, hata hivyo, ina ugumu wake. Eneo hili, ambalo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lina mitaa iliyonyooka na kukaribiana, na katika miongo ya karibuni nyumba za chini zimebomolewa kupisha maghorofa. Simu hujua ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti. Mawimbi hayo yakigonga kuta ndefu na kurudi, hesabu ya simu huyumba. Ndiyo maana alama ya dereva aliye Mtaa wa Sikukuu inaweza kuonekana mtaa wa pili, na abiria akalalamika kwamba amepitwa.

Aidha, ramani haijui kwamba mtaa fulani umejaa meza za wamachinga saa za mchana, wala kwamba lori linashusha mzigo na kuziba njia. Haijui kila mara amri za wakuu wa mkoa, ambao kwa nyakati tofauti, ikiwamo mwaka 2014, waliwahi kuzuia bodaboda kuingia katikati ya jiji. Wala kuonekana kwa barabara ya mabasi ya mwendo kasi kwenye kioo hakuipi pikipiki ruhusa ya kuipita. Dereva hodari huitumia ramani kumfikisha jirani, kisha huuliza kwa mdomo: “Kaka, upo upande gani wa barabara? Mbele yako kuna nini?”

Hesabu ya mfukoni

Simu imebadili pia namna ya kupatana bei. Kijiweni, nauli ni mazungumzo. Kwenye programu, bei hupangwa na mtambo kwa umbali na muda, na kampuni hukata kamisheni. Suala hili lilizua mvutano mkubwa mwaka 2022. Latra iliweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15, na Aprili mwaka huo Uber ikasimamisha huduma zake ikisema mazingira hayaruhusu. Baada ya majadiliano, ukomo ulipandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 kampuni hiyo ikarejea.

Kwa dereva, asilimia hizo ni fedha za unga. Katika safari ya Sh3,000, kamisheni ya asilimia 25 ni Sh750. Anabaki na Sh2,250, ambamo mna petroli, bando la intaneti na, kwa wale wasiomiliki pikipiki, hesabu ya kila siku ya tajiri. Mwenye mkataba hulipa hesabu hiyo hadi chombo kiwe chake. Deiwaka hulipa bila kutarajia kumiliki. Iwapo simu nayo imechukuliwa kwa mkopo, dereva huamka akiwa na madeni mawili kabla ya kupata abiria.

Ndiyo sababu baadhi humwomba abiria afute safari kwenye programu ili walipane mkononi. Wote wawili huona wameokoa kitu, lakini kumbukumbu ya safari imefutika. Mzigo ukisahaulika au ajali ikitokea, hakuna mahali panapoonyesha nani alimbeba nani. Hali kadhalika, matapeli huwatumia madereva ujumbe wa uongo kuwa fedha zimeingia. Kanuni ni moja: salio ndilo shahidi. Abiria asiachwe aondoke kwa kuonyesha ujumbe kwenye simu yake kabla dereva hajaona kiasi hicho kwenye akaunti yake mwenyewe. Ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa TCRA kwa namba 15040.

Mita 33 za upofu

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya mwili. Pikipiki iendayo kilometa 40 kwa saa husogea mita 11 kila sekunde. Dereva anayeinamia simu kwa sekunde tatu amesafiri mita 33 bila kuona barabara. Katika mtaa wa Kariakoo, ndani ya mita hizo kuna mkokoteni, mama aliyejitwisha mzigo, mtoto wa shule na daladala inayosimama ghafla.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), dereva anayetumia simu yumo katika uwezekano wa takribani mara nne zaidi wa kupata ajali kuliko asiyeitumia. Shirika hilo linaeleza pia kwamba kuzungumza bila kuishika simu hakuna usalama mkubwa zaidi, kwa sababu linalotekwa ni fikra wala si mkono peke yake. Kwa hiyo mtindo wa kuichomeka simu kati ya sikio na kofia ngumu, ambao wengi huuona ni ustadi, haumwondolei dereva hatari. Humwongezea nyingine, kwani kofia iliyosukumwa na simu haikai sawasawa kichwani. Matokeo yake huonekana katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikipokea majeruhi wengi wa pikipiki.

Barabara nayo huiumiza simu. Jua la mchana huipasha joto hadi ikapunguza mwanga au kujizima. Matone ya mvua huchanganya kioo, kikafungua kisichoguswa. Mtikisiko wa injini huharibu kamera. Septemba 2021 Apple ilitoa tahadhari rasmi kuhusu jambo hilo kwa wanaofunga simu kwenye pikipiki. Zaidi ya yote, simu iliyo wazi kwenye usukani penye foleni ni kishawishi kwa vibaka.

Somo linalokosekana

Kampala ilionyesha kuwa mambo haya yanaweza kufundishwa kwa pamoja. Kampuni ya SafeBoda, iliyoanza huko mwaka 2014, iliwapa madereva wake mafunzo ya usalama barabarani na ya kumhudumia abiria, sambamba na matumizi ya programu na kofia ya ziada kwa ajili ya abiria. Simu haikutenganishwa na barabara.

Nchini, Veta na shule nyingine za udereva zimekuwa zikiwafundisha waendesha bodaboda alama za barabarani na sheria. Kuongeza saa chache za simu si mzigo mkubwa, kwa kuwa mambo ya msingi yanahesabika. Angalia njia nzima kabla ya kuondoka, kisha acha sauti ikuelekeze. Pakua ramani ya jiji kabla, ili bando likiisha usipotee, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti hayalipiwi. Pokea safari ukiwa umesimama. Simu ikiita, toka barabarani, simama, ndipo uongee. Abiria akikuhimiza upokee, mweleze kwamba unamlinda yeye.

Abiria naye ana sehemu yake. Anayempigia dereva mara tatu kumwuliza “umefika wapi?” ilhali anamwona kwenye ramani akija, anamtaka apokee simu akiwa kwenye mwendo. Dakika mbili za subira zingetosha.

Vijana wa Kariakoo wamethibitisha kwamba hawahitaji ubao wala chaki ili waimudu teknolojia. Wamefundishana wenyewe kufungua akaunti, kusoma ramani na kupokea fedha. Kilichobaki ni lile somo moja ambalo kijiwe hakilitilii mkazo, kwa sababu halileti abiria wala fedha, nalo ni kujua wakati wa kuiacha simu.