Kifafa cha Mimba: Nani Hutafiti, Nani Hufaidi?

Wanafunzi wetu hupenda kuuliza kama sayansi ya tiba nayo ina siasa. Badala ya kuwajibu kwa nadharia, tuitazame historia ya dawa moja.

Kifafa cha mimba humpata mama ambaye shinikizo lake la damu limepanda wakati wa ujauzito. Huanguka degedege, na asipotibiwa upesi anaweza kufa yeye na mtoto wake. Magnesiamu salfeti, chumvi ya bei ndogo, ilianza kutumika dhidi ya ugonjwa huu mapema katika karne ya 20. Hata hivyo mabingwa walibishana kwa miongo mingi. Wale wa Marekani waliishikilia. Wenzao wengi wa Uingereza walipendelea diazepamu au fenitoini. Kila upande ulitetea mazoea yake, bila ushahidi wa kutosha. Sababu si ngumu kuiona. Katika nchi tajiri ugonjwa ulikwisha kuwa nadra, na chumvi isiyo na hataza haimpi bepari hamu ya kugharimia utafiti.

Waliomaliza ubishi ni akina mama wa nchi maskini. Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliowahusisha wanawake 1,687 wa Afrika, India na Amerika ya Kusini. Waliopewa magnesiamu walirudiwa na degedege kwa kiasi cha nusu tu ya waliopewa diazepamu, na theluthi moja ya waliopewa fenitoini. Mwaka 2002 utafiti mwingine, wa wanawake 10,141 katika nchi 33, ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kifafa kwa wenye dalili za awali. Uratibu ulikuwa zaidi Oxford. Hatusemi hivyo kwa kulalamika, maana kazi ilikuwa njema, na madaktari na wakunga wa nchi husika ndio walioifanya wodini.

Mkinzano ulijitokeza baada ya hapo. Elimu ilipatikana kwa miili ya wanyonge, lakini kwa miaka mingi zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na dawa yenyewe. Soko halikuisukuma, na mahali pengi muuguzi wa ngazi ya chini hakuruhusiwa kuichoma, au hakufundishwa.

Liko jambo la pili, ambalo makada hawana budi kulitilia maanani. Mama aliyepona hubaki katika hatari kubwa zaidi ya kupata baadaye shinikizo la damu la kudumu, ugonjwa wa moyo na kiharusi. Lakini kliniki humfuata mtoto. Chanjo zikiisha, mara nyingi hakuna anayempima tena mama presha. Kuiweka afya ya uzazi upande mmoja na magonjwa sugu upande wa pili ni mgawanyo wa mafungu ya fedha, wafadhili wakiwa na sehemu kubwa ndani yake. Maisha ya mwanamke hayakugawanyika hivyo. Kipimo kilichomgundua akiwa mjamzito ndicho hicho hicho anachokihitaji miaka 10 baadaye.